Kilima Kisicholalamika

Asubuhi ya baridi kwetu huanza na mlio wa koleo. Kabla ya kahawa, kabla ya redio, unasikia kwaruu, kwaruu, kwaruu. Ni mtu anaondoa theluji mlangoni. Kwenye jengo letu, juu ya kilima cha Tervamäki, mtu huyo ni mimi, Taisto. Nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi hadi wakubwa walipokifunga. Shule yangu ni fupi. Lakini koleo nalijua.

Nikimaliza mlango, huchukua ndoo ya mchanga. Huumwaga kwenye njia inayoteremka kilima mpaka kituo cha basi. Njia hiyo si yangu. Ni ya mji. Lakini watu wa mji hawaji, au wakija wanakuja jioni, watu wameshaanguka. Majirani wengine nao hutoka na ndoo zao. Hatusemi mengi. Tunamwaga, tunarudi ndani.

Sisi watu wa kilimani ndivyo tulivyo. Tukiona shida, tunachukua koleo. Kulalamika, tunalalamika jikoni, mlango umefungwa. Kumpigia simu mkubwa kwa sababu ya barafu? Aibu. Utaonekana mtu usiyeweza kujisaidia.

Mke wangu, Helvi, alianguka kwenye njia hiyo. Usiku mvua ilinyesha juu ya theluji, kisha baridi ikashika. Mchanga wetu wote ulizama chini ya barafu mpya. Alikuwa anarudi kutoka dukani kununua maziwa. Alivunjika nyonga. Hospitali wakamlaza, homa ya mapafu ikamkuta kitandani, na kabla theluji haijayeyuka nilikuwa nimeshamzika. Mwanzo wa majira hayohayo ya baridi mji wetu ulikuwa umeanza mradi wa kisasa. Waliuita Jicho la Mji. Ukiona shimo, taa iliyozimika au barafu, unatuma taarifa kwa simu. Magazeti yalisifu. Mimi gazeti langu niliwashia jiko la sauna, bafu letu la mvuke.

Ghorofa ya chini ya jengo letu anakaa Lempi, dada yake Helvi. Ana miaka themanini na kidogo, na ulimi wa msichana wa miaka ishirini.

Siku moja ya Januari nilimpelekea samaki. Nikamkuta amekaa kimya. Kwa Lempi, kimya ni ugonjwa.

"Shemeji, vipi?" nikamuuliza. "Leo hujanitukana."

"Wanataka kunihamisha," akasema.

"Nani?"

"Yule mhudumu wa wazee anayekuja kuniangalia. Anasema nikishindwa kutoka mwenyewe wakati wa baridi, nyumba hii hainifai. Mwisho wa Februari anaandika uamuzi. Kuna nafasi kwenye nyumba ya wazee, mji wa pili."

"Mji wa pili! Huko unamjua nani?"

"Simjui hata paka." Akaangalia dirishani, kilima kikimeta. "Miguu yangu mizima, Taisto. Sakafuni natembea. Tatizo si miguu. Tatizo ni hicho kilima. Kikundi changu cha kufuma soksi kiko maktaba, pale chini. Tangu Krismasi sijafika. Naogopa kufuata njia ya Helvi."

Nikaweka samaki mezani kwa nguvu.

"Wakubwa hao! Wana mitambo, wana programu za simu, wana suti! Mchanga tu ndio hawana!"

"Na wewe," akasema Lempi, "ukifika mbinguni utalalamika mawingu ni laini mno."

Nilifurahi. Alikuwa amenitukana.

Binti yangu, Kaisu, akapiga simu jioni ile. Yeye anakaa mbali, kusini. "Baba," akasema, "mwache mama mkubwa aende. Huko yuko salama." Nikamwambia mtu si kiti, humhamishi kwa sababu sakafu imechafuka. Unasafisha sakafu. Tukagombana kidogo, tukakata simu.

*

Wiki iliyofuata mlango wa Lempi uligongwa. Nilikuwepo, nimekuja kumbadilishia balbu. Aliingia mwanamke wa umri wa kati, koti la buluu, pua nyekundu kwa baridi. Akavua viatu mlangoni kama mtu aliyelelewa.

"Naitwa Mirkka," akasema. "Nimeajiriwa na baraza la mji kuutathmini mradi wa Jicho la Mji. Yaani napima kama kweli unawasaidia watu."

"Nenda kawaulize waliokutuma," nikamwambia. "Watakwambia wanasaidia sana."

"Hao nimeshawauliza. Na wamesema hivyohivyo."

Lempi akacheka. "Kaa, mwanangu. Huyu mzee hang'ati. Meno si yake."

Akamimina kahawa, akatoa mkate mtamu wa iliki. Mirkka akaeleza. Mwenye mradi hapaswi kuupima peke yake. Lazima aje mtu wa nje.

"Hapo sawa," nikasema. "Mpishi hakosi kuisifu supu yake."

"Lakini kwa nini umekuja kwetu?" akauliza Lempi. "Sisi hatujatuma taarifa hata moja."

"Ndiyo maana nimekuja," akasema Mirkka. "Waliotuma, nawajua. Kompyuta imejaa maneno yao. Nawatafuta wasiotuma. Kilima hiki kizima, majira matatu ya baridi, taarifa za barafu hakuna. Kule Ziwani, kwenye nyumba mpya, zinaingia kila siku. Kwa hiyo kuna mambo mawili. Ama Tervamäki haina barafu..."

"Angalia dirishani!"

"Nimeangalia, mzee. Nimepanda kwa mikono na miguu. Basi ni jambo la pili. Barafu ipo, taarifa hazipo. Nataka kujua kwa nini."

Nilivaa koti nikamtoa nje kwa hasira. Nilitaka aone. Tukasimama juu ya njia. Mchanga wangu wa asubuhi ulikuwa hapo, madoa ya rangi ya kahawia juu ya kioo.

"Huu mchanga nani kamwaga?" akauliza.

"Sisi."

"Mmemwambia nani?"

"Tumwambie nani? Sisi si watoto."

Akausukuma mchanga kwa ncha ya kiatu. Kisha akasema polepole, "Mzee Taisto, sikiliza. Mradi huu hauna macho kama jina lake. Una masikio tu. Trekta la mchanga linatumwa kwanza kunakopigwa kelele. Ninyi mnafanya kazi ya mji kimya kimya, na mtambo unasikia ukimya. Unafikiri kilima hiki kimeshiba."

"Kwa hiyo kosa letu?" Sauti yangu ilipanda mpaka kunguru wakaruka. "Mke wangu kafa, halafu kosa letu?"

"Hapana," akasema. Hakurudi nyuma hata hatua moja, na pale huwezi kurudi nyuma bila kuteleza. "Anayetaka kujua kama njia ni salama, asihesabu simu. Ahesabu watu walioanguka. Kosa ni la aliyechagua kuhesabu kitu rahisi."

Tangu Helvi afe, huyo alikuwa mtu wa kwanza kutoka kwa wakubwa asiyeniambia pole na kisha kuangalia saa.

*

Tuliporudi ndani, Mirkka akasema tufanye jaribio. Lempi atume taarifa moja, kisha sisi tuifuate mpaka mwisho wake. "Kama mtu anavyofuata nyayo za sungura kwenye theluji," akasema.

Lempi akachukua simu, akaandika kwa kidole kimoja: Njia ya kilima cha Tervamäki ina barafu. Mtu atavunjika.

Kahawa ilikuwa haijapoa, jibu likaja. Lempi akalisoma kwa sauti: "Asante kwa kutusaidia kuuboresha mji. Suala lako limeshughulikiwa."

Sote watatu tukageuka dirishani. Kilima kilikuwa palepale, kinang'aa.

"Ee Mungu," akasema Lempi, "wamelishughulikia kwa maombi."

Kesho yake Mirkka alinipitia na gari. Tukaenda karakana ya mji, matrekta yanakolala. Tukamkuta dereva mmoja, Ossi, anakunywa supu kwenye chupa yake. Mirkka akamsalimu, akamweleza, kisha akauliza swali moja tu. Taarifa ikifika kwako, unaionaje?

Ossi akatupandisha kwenye trekta, akatuonyesha kioo cha kompyuta yake. "Mitaa inajipanga yenyewe," akasema. "Yenye taarifa nyingi inakaa juu. Tervamäki hii hapa, mkiani. Nikifika huko zamu imekwisha. Siku nyingine sifiki kabisa."

"Lakini tumejibiwa suala limeshughulikiwa!" nikasema.

Ossi akakuna kofia. "Aa, hilo. Maana yake taarifa yenu imefika kwangu. Si kwamba mimi nimefika kwenu."

Nikataka kutukana. Mirkka akanigusa bega. "Ngoja. Ossi, ungepanga wewe, ungeanzia wapi?"

"Milimani," akasema bila kufikiri. "Na njia za kwenda zahanati. Tambarare mtu anateleza anacheka. Mlimani anateleza anavunjika. Lakini mimi nani ameniuliza?"

"Mimi," akasema Mirkka.

Kutoka hapo alikwenda zahanati. Akaomba hesabu za waliovunjika mikono, miguu na nyonga kwa kuteleza, mtaa kwa mtaa, bila majina. Akaenda Ziwani pia, akagonga milango kama alivyogonga kwetu. Jambo hilo lilinichoma. Nikamuuliza, kule unatafuta nini, wale wameshiba? Akanijibu, "Nisipowasikiliza wao, nitakuwa kama mradi wenyewe. Nitawasikia wa upande mmoja."

*

Katikati ya Februari mkutano uliitishwa maktaba. Lempi alitaka kwenda. Nilimshika mkono mmoja, jirani akamshika mwingine, tukateremka kama watu wanaobeba kabati la vioo. Njia nzima anatupigia kelele: "Polepole! Mimi si gunia la viazi!"

Mkuu wa mradi alizungumza kwanza. Kijana mtanashati, picha nzuri ukutani. Taarifa tisa kati ya kumi, akasema, zinashughulikiwa siku hiyohiyo. Baadhi ya watu wakapiga makofi. Mimi nilikalia mikono yangu.

Kisha akasimama Mirkka. Akaanza kwa kusifu. Taa za barabarani, akasema, sasa zinatengenezwa upesi kuliko zamani. Amezunguka mwenyewe akazikagua, zinawaka. Mashimo ya lami pia. Hapo mradi umefaa, na wanaoufanya wanastahili shukrani.

Nilikunja uso. Nilitaka awachome moto, yeye anawapa maua! Lempi akaniona, akaninong'oneza, "Tulia. Anayesema jema lao, wataweza kumwita mwongo akisema baya?"

Na kweli. Mirkka akaweka ukutani ramani mbili za mji wetu, ubavu kwa ubavu.

"Hii ya kwanza," akasema, "inaonyesha taarifa za barafu zinatoka wapi. Doa kubwa, taarifa nyingi." Doa kubwa lilikuwa Ziwani. Kilima chetu kilikuwa cheupe kama shuka.

"Hii ya pili inaonyesha watu walioanguka wakavunjika wanatoka wapi."

Hakuhitaji kueleza. Doa kubwa lilikuwa limekaa juu ya kilima chetu. Mahali palipokuwa peupe kwenye ramani ya kwanza, palikuwa peusi kwenye ya pili.

"Mradi unajibu taarifa vizuri," akasema Mirkka. "Lakini mji haukuununua ili ujibu taarifa. Uliununua ili watu wasiumie. Hapo umeshindwa, na walioumia zaidi ni wazee. Hawana mazoea na programu ya simu, na wana mazoea ya kujisaidia. Tena neno limeshughulikiwa linatumwa kabla mtu hajamwaga hata chembe ya mchanga. Tulituma taarifa moja tukaifuata. Iliishia kwenye kioo cha trekta."

Mkuu wa mradi akasimama, uso umemwiva. "Lakini hao watu hawakutuambia. Tungejuaje?"

Mimi si msemaji. Lakini miguu ilinisimamisha.

"Mke wangu alikuwa amelala kwenye barafu, nyonga imevunjika," nikasema. "Mfuko wa maziwa mkononi. Ulitaka atoe simu akuandikie?"

Yule kijana alinitazama. Nilingoja maneno yao ya siku zote, kwamba wanasikitika, kwamba wataunda kamati. Hakuyasema.

"Hapana," akasema. "Hapana, baba. Ilikuwa kazi yetu kwenda kuangalia." Akamgeukia Mirkka. "Tuanze na lipi?"

Simpendi mpaka leo. Lakini alikubali kosa mbele ya watu, na makofi yake yalikuwa bado ya moto. Wakubwa niliowajua mimi hawakuwahi kufanya hivyo.

Mirkka akasema, "Kuna dereva mmoja nataka umsikilize."

*

Mabadiliko hayakungoja kamati. Milima, ngazi na njia za zahanati zikawekwa mwanzo wa zamu, taarifa iwepo isiwepo. Nyingine zinafuata kwa taarifa. Asiyejua programu anapiga simu, na anapokea mtu, si mashine. Na neno limeshughulikiwa sasa halitoki mpaka dereva abonyeze mwenyewe kwamba amemwaga mchanga.

Sisi nasi ilibidi tubadilike. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Mirkka alikuja kwenye mkutano wa jengo letu akatuomba jambo moja. Tukimwaga mchanga wenyewe, tumwage, lakini tuiambie ofisi ya mradi kwamba tumemwaga kwa sababu njia ilikuwa mbaya. "Msipohesabiwa shida zenu," akasema, "mtahesabiwa kuwa hamna shida."

Watu wakatazamana. Mzee mmoja akasema kwao hawakulelewa kulalamika. Lempi akamrukia. "Nani kasema ulalamike? Toa habari! Ukiona nyumba ya jirani inawaka moto, utakaa kimya kwa adabu?"

Tukamchagua yeye kuwa msemaji wa jengo. Tangu siku hiyo huko ofisini wanamjua kwa sauti.

Mwisho wa Februari mhudumu akaja kuandika uamuzi wake. Nilikuwa ngazini, nikasikia yote.

"Mama Lempi, kuhusu kutoka nje peke yako..."

"Vaa viatu," akasema Lempi.

"Samahani?"

"Vaa viatu, mwanangu, twende. Karatasi itatungoja."

Niliwaona kwa dirisha. Ossi alikuwa ameshapita, njia imekwaruzwa vizuri, mchanga umekamata barafu. Lempi alitangulia na mkongojo wake. Mhudumu alikuja nyuma, amenyoosha mikono kama anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea. Wakafika chini. Wakapanda tena. Aliyekuwa anahema ni mhudumu.

Nyumba ya wazee mji wa pili, nafasi yake alipewa mtu mwingine anayeihitaji kweli. Kaisu aliponipigia simu, alisema, "Baba, ulikuwa sahihi." Nikamwambia arudie, sikusikia vizuri. Akacheka.

Mirkka niliamini nimemwona mara ya mwisho. Watu wa aina hiyo huandika, hulipwa, hupotea. Lakini majira ya baridi yaliyofuata, mlango uligongwa. Koti lilelile la buluu.

"Umesahau nini?" nikamuuliza.

"Sijasahau. Ofisi inasema sasa mambo ni mazuri. Zahanati inasema waliovunjika kutoka kilima hiki wamepungua sana. Nimekuja kuona kwa macho yangu. Yanaweza kuwa mazuri kwa sababu ya mchanga, au kwa sababu mwaka huu barafu ni kidogo."

"Na ikiwa ni barafu kidogo?"

"Nitaandika hivyo."

Nilimtazama mama huyo. Alikuwa na sababu zote za kujisifu, na alikuwa amepanda kilima kujitafutia makosa.

"Barafu ni ileile," nikamwambia. "Tena mwaka huu ni mbaya zaidi. Muulize Ossi."

"Nimeshamuuliza. Amesema hivyo. Nilitaka kukuuliza na wewe."

Tukatoka pamoja. Lempi alikuwa anakwenda kufuma soksi, akakataa kushikwa mkono. Mirkka akafuatana naye, anauliza, anasikiliza. Mimi nilibaki nyuma kidogo. Tulipofika mahali alipoanguka Helvi, Mirkka akasimama kuningoja. Nadhani Lempi alimwambia.

"Kwake tulichelewa," nikasema.

"Ndiyo," akasema Mirkka. "Kwake tulichelewa."

Nilimheshimu kwa neno hilo kuliko kwa ramani zake.

Chini kabisa, kwenye kituo cha basi, Lempi alikuwa ameshafika. Alisimama kwenye mchanga, mzima, anatikisa mkongojo hewani.

"Ninyi vijana!" akapiga kelele. "Mnangoja nipande kuwachukua?"

Tukashuka.